Nyufa za Katikati

Simu iliyoanguka naijua.
Hupasuka pembeni, kwenye kona,
kisha ufa ukatambaa pole pole kuelekea ndani.
Imeteleza ngazini, imeponyoka
mkono wenye mafuta ya viazi karai.
Hiyo ni ajali. Nabadilisha kioo, napokea changu, nenda salama.

Iliyopigwa hupasuka katikati.

Miaka kumi na mitatu kwenye kibanda hiki cha Mwembe Tayari,
mgongo nimeuegemeza ukuta wa duka la dawa,
na nyufa za katikati zilikuwa za watu wazima:
wivu wa usiku, mdai na mdeni.
Sasa zaja na sare za shule.

Mbeyu wa Mishomoroni, kidato cha pili.
"Imeanguka, fundi."
Imeanguka juu ya jiwe, mara nne, pahali pamoja.
Sikusema. Nilimwuliza tu, "Laini yako naiacha?"
Akatazama upande wa barabara.
"Toa. Toa kila kitu."

Wiki ile ile, mvulana wa Tudor,
mrefu, sauti ndiyo kwanza yabaleghe.
Simu yake haina ugonjwa.
Anataka kujua picha ikishatumwa huitwaje irudi.
Nikamwambia, picha si mbuzi, haiitwi kwa mluzi.
Akacheka. Kisha machozi yakamtoka
na uso wake haukubadilika,
kama bomba la mtaa lililolegea.

Nina daftari la kazi.
Nilianza kutia nukta nyekundu
mbele ya kila simu niliyoijua si ajali.
Mei, nukta nne.
Juni, kumi na moja.
Julai niligeuza hesabu,
nikawa natia nukta zilizoanguka kwelikweli.
Zilikuwa chache. Wino haukuisha.

Mama mmoja wa Changamwe alinambia kwa fahari,
"Wangu hana mambo hayo. Yeye na simu yake,
chumbani, kimya, kama hayupo."
Nyuma ya bega lake binti alinikazia macho: usiseme.
Nikasema, "Ni chaji tu, mama. Haishiki."
Nikachukua shilingi mia mbili za uongo ule,
na hadi leo sijui nilimsitiri au nilimzika.

Jana alasiri nimemaliza ya Swaumu, wa Majengo.
Kioo kipya, nimekipangusa kwa kanga ya mke wangu.
Nikaiwasha kuijaribu.
Mwiko wangu: sisomi.
Fundi anayesoma ni mwizi mwenye bisibisi.
Lakini zilikuja kwa fujo, kumbikumbi waliooneshwa taa,
mia na kumi na saba,
zikipita juu ya kioo ambacho hata alama ya kidole hakikuwa nacho:
uso wake juu ya shingo ya punda,
sauti yake akisoma Kurani, imepotoshwa, imekatwakatwa,
*kesho usije, darasa lipate hewa.*
Na wa kwanza kucheka,
kila mara wa kwanza,
ni nambari inayoishia sifuri nane sita,
ambayo kila Ijumaa mimi ndiye huitilia bando.

Usiku Twahir alikula vizuri.
Alimmiminia mamake chai,
akamkatia nduguye mdogo kipande kikubwa cha mkate wa sinia.
Mtoto wa adabu. Majirani hunipongeza.
Simu yake kando ya sahani ikitetema,
naye akitabasamu, macho chini.

Kidole changu kimezoea kuupapasa ufa
kabla jicho halijauona.
Nikanyoosha mkono, nikakigusa kioo chake.
Laini. Kizima.
Hakina hata mkwaruzo.

"Vipi, baba?"

Mezani chai ikapoa,
nami, fundi wa watoto wa watu,
natafuta skrubu ya kwanza.